Patasi ya Kumi Haijarudi

Kabla hujaendelea kusoma, nenda kalete patasi zako zote uzipange mezani. Zote, hata ile unayofungulia makopo ya rangi. Nakusubiri. Siku hizi sina haraka. Nimestaafu kazi ya kukereza, ya kuchonga mti ukizunguka kwenye mashine, nikiwa na miaka thelathini, na sikuagwa kwa keki wala kwa risala.

Tayari? Sasa angalia mipini, vyuma achana navyo kwanza. Ukikuta mpini mwekundu wa mninga, umenenepa katikati kama tumbo la samaki, una mistari mitatu myeusi iliyochomwa kwa waya karibu na mwisho, na pete ya shaba ndefu kuliko kawaida, usiwashe mashine leo. Mpini huo niliutengeneza mimi. Soma hadi mwisho ujue la kufanya.

Wengi wenu hamtaukuta. Basi nijibu lile swali mnaloniuliza kila siku. Sasa hivi nauza chai na makande Same mjini, na ninyi mnaojifunza useremala mnakuja mezani kwangu na ovaroli zenu mpya. "Mama Eliwaza, eti ninunue seti ya dukani au nichongeshe kwa mhunzi?" Nakuangalia usoni, una macho mawili mazima, na hasira inanipanda. Siyo yako. Kidogo yako, kwa sababu ukishauliza hivyo unatoa simu kunionyesha picha ya patasi inayong'aa, na mimi najua umeshaamua.

Aliyenifundisha ni Fundi Zablon wa Myamba, kule juu. Nilimwita Babu ingawa hatuna undugu; alikuwa jirani yetu na mkerezaji pekee wa pande zile. Miguu ya vitanda, vinguzo vya ngazi, viti vya wazee wa kanisa, vyote vilitoka kwenye banda lake. Mimi nilimaliza kidato cha nne na matokeo ya kuficha chini ya godoro. Baba akasema kalime tangawizi na wenzako. Nikaenda kwa Babu.

"Shikamoo Babu. Naomba kazi."

"Marahaba. Ya kufagia ipo."

"Nataka ya mashine."

"Unaiogopa mashine?"

"Siiogopi."

"Basi fagia."

Nilifagia maranda mpaka nikaota maranda. Kisha miezi mitatu nikawa nanoa tu. Sikugusa mti. Ukitaka kujua kama patasi ni nzuri, inoe wewe mwenyewe kwanza, usimpe mtu. Chuma kinajieleza kwenye jiwe la kunolea linapozunguka. Nondo inatoa cheche ndefu nyekundu, za kivivu. Springi ya lori inatoa cheche zinazopasuka. Tupa, ile ya kunolea mapanga, ndiyo kabisa, inapasuka kama mahindi ya bisi. Babu alikuwa ananisimamisha nyuma yake, ananiziba macho kwa kofia yake, kisha ananifunua ghafla: "Hicho chuma gani?" Nikikosea, narudi kwenye ufagio.

Patasi ya kununua alikuwa haichukui mpaka aivue mpini. Muuzaji akikataa, anamwambia kaa nayo mwanangu, akaondoka zake. Akishaivua, anapitisha tupa mpya juu ya chuma. Tupa ikila kirahisi kama inakata muhogo, chuma ni laini, utanoa kutwa na kazi haiendi. Ikiteleza kama iko juu ya kioo, chuma ni kigumu mno, kitakatika kama biskuti. Inatakiwa iume kwa shida, na ilie kidogo. Mwisho anatafuta meno. Watu wanachukua tupa iliyochoka, wanaisaga, wanaiita patasi. Lakini pale shingoni, karibu na mkia unaoingia kwenye mpini, huwa yanabaki meno machache ya tupa. Ukiyaona hayo, na mashine yako ni ya mota, rudisha.

Nasema ya mota kwa sababu Babu mwenyewe ujana wake wote alikerezea patasi za tupa, na wazee wenzake huko milimani vilevile. Mashine zao zilikuwa za kukanyaga kwa mguu. Mti ukikamata patasi, mguu unasimama, unaangaliana na mti, unaanza upya. Hakuna aliyeumia. Mota haisimami. Umeme ulipofika na Babu akafunga mota, siku hiyohiyo alikusanya patasi zake zote za tupa akazitupa kwenye shimo katikati ya banda, akamwagia zege. Zege hiyo niliichanganya mimi. Kumbukeni hilo, maana mbele huko mtataka kunitetea.

Kuhusu seti za boksi. Nami nilinunua. Nilikuwa na miaka ishirini, nimepata vijisenti vyangu vya kwanza, nikaenda Moshi nikarudi na patasi nane kwenye boksi la mbao, ndani kitambaa chekundu. Njia nzima nimelipakata. Babu akafungua, akatazama muda mrefu.

"Umeleta patasi au umeleta msiba?"

"Babu, hizi za kutoka nje."

"Naona. Zimelazwa vizuri, marehemu."

Akazijaribu moja moja. Tatu zilikuwa chuma kizuri kabisa, sijaona bora yake. Tano zilikuwa za kupigia picha. Moja ya hizo tano hatukujua hata ni ya nini, mkewe Babu akaichukua kupasulia nazi. Kwa hiyo jibu lenu ndilo hilo. Nunua moja. Itumie mpaka ujue inachoshindwa, ndipo utafute inayofuata. Anza na ya mfereji, pana, ya kutolea maganda na pembe za mti. Usinunue kwa bei, wala usidharau kwa bei. Patasi bora kuliko zote nilizowahi kushika haikutoka dukani. Lori la jasi lilipinduka Makanya, mhunzi akachukua springi, Babu akamwagiza afue patasi ya mfereji. Aliponipa ilikuwa chuma kitupu. "Mpini tengeneza mwenyewe," akasema.

Nikatengeneza ule wa tumbo la samaki. Mistari mitatu nilichoma kwa waya wa spoku ya baiskeli mti ukizunguka, mpaka ukatoa moshi. Babu akaupima mkononi, akausugua kwa kidole gumba. "Huu ukiibiwa tutaujua," akasema. Kwa Babu hiyo ni sifa kubwa. Nilishindia hiyo wiki nzima.

Nikashuka Same nikafungua kibanda changu. Nilikuwa na patasi kumi na moja ukutani, kila moja na msumari wake. Nikawa maarufu kwa mipini kuliko kwa kukereza. Maseremala wa Hedaru, wa Makanya, wananiletea patasi zao nizivishe. Mtu akiona ile mistari mitatu anasema hii ya Mama Eliwaza, haina shida. Nilijisikia raha sana. Ninyi mnaotafuta jina, haya, mtalipata.

Mwaka ule Eliwaza ananyonya, mota yangu iliungua. Baba yake alikuwa dereva wa lori. Alipata mzigo wa Tunduma, na mzigo ukamchukua moja kwa moja. Mtoto anakohoa kifua, namlaza kwenye kapu pembeni ya meza ya kazi, nasugua mipini kwa msasa kwa mkono. Ndipo akaja Rama. Rama anauza vyuma juu ya gunia siku ya soko. Alikuja huku kufuata kazi ya mkonge, akaishia kuokota tupa chakavu zinazotupwa huko mashambani, zile za kunolea visu vya kukatia mkonge. Akafungua mfuko wa saruji mbele yangu. Patasi kumi, zinang'aa, hazina mipini.

"Rama, hizi ni tupa."

"Zilikuwa tupa, dada. Watu si wanabadilika?"

"Umezirudisha motoni ukazilainisha?"

"Nimezing'arisha. Mteja anataka kung'aa."

"Kwenye mota hizi zinaua mtu."

"Mimi naua? Mimi nauza. Anayenunua ni fundi, na fundi anajua chuma. Wewe zivishe tu, mtoto apate dawa. Au nimpelekee mwingine?"

Nikazivisha.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu hunihurumia, na sitaki. Wananiambia, Mama Eliwaza, ulikosea, ulikuwa na shida. Sikukosea. Kukosea ni kwa asiyejua. Zile patasi zilikuwa na meno ya tupa shingoni, yanaonekana. Pete ya kawaida, ile ya kuzuia mpini usipasuke, urefu wake ni kama upana wa kidole gumba. Mimi nilikata bomba la shaba mara mbili ya hapo, pete zikapanda juu, zikafunika meno yote. Rama hakuniomba. Hakujua hata kwa nini nimefanya hivyo. Nilijiambia nafanya ipendeze. Na ilipendeza. Zilikuwa nzuri kuliko patasi yoyote pale sokoni.

Wiki chache baadaye Babu alishuka Same. Kanisani kwao walitaka vinguzo vipya vya mbele ya madhabahu, na patasi yake ya kumalizia ilikuwa imeisha kwa kunolewa. Jicho lake la kushoto lilishaingia ukungu zamani, daktari alisema ni mtoto wa jicho. Alikuwa anategemea la kulia. Alipita kwenye gunia la Rama kabla hajafika kwangu, akanunua, kisha akapata gari la kupanda nalo Myamba, akaondoka. Sikujua hata kama alifika mjini.

Mkewe alinipigia simu mchana mmoja, upepo unavuma kwenye simu. "Mjukuu wangu, babu yako ameumia. Tunashuka naye."

Kifundo kwenye mti kilikamata patasi. Ikakatika palepale meno yanapoanzia, chini ya pete, na kipande kikaingia jicho la kulia. Miwani ya kukinga ilikuwepo. Ilining'inia msumarini, imechubuka, na kwa jicho moja akiivaa haoni mstari wa penseli. Nunueni miwani mpya kila ya zamani ikichubuka. Hiyo nayo ni kifaa. Mnanunua patasi tano na miwani hamna, nawaona.

Hospitali walishindwa kuliokoa jicho.

Nilipanda Myamba wiki ya tatu, Eliwaza mgongoni. Sikulala siku zote hizo kwa sababu mtu alikuwa ameniambia rangi ya mpini. Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya banda, anasugua kinguzo kwa msasa, anapapasa, anasugua tena.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Umekuja na mtoto. Bado anakohoa huyo."

"Anaendelea vizuri."

"Kaa." Akaingiza mkono chini ya kigoda, akatoa mpini wenye kisiki cha chuma, akanipa. "Huu wa nani?"

Ningeweza kusema uongo. Asingeniona usoni.

"Wangu."

"Nilijua. Niliuona pale kwenye gunia, nikasema Mama Eliwaza hawezi kuvisha takataka. Sikuuvua."

Hapo nikapandwa na kichaa. Nilimfokea. Nilimfokea kipofu, mlangoni kwake. "Kwa nini hukuuvua? Wewe si ndiye uliyenifundisha? Kila patasi, ulisema! Ya mtu yeyote, ulisema!" Mkewe akatoka jikoni na mwiko, akidhani kuna mtu anampiga mumewe.

"Nilisema," Babu akajibu, taratibu tu. "Ya kwako niliihesabu ni yangu."

Akanyoosha mkono, nikamrudishia. Akapitisha kidole kwenye pete, akaenda nacho juu, akarudi nacho chini.

"Pete ndefu hii."

Nikamkaza mtoto mgongoni.

"Kwa nini ndefu, mama?"

"Nilifunika meno."

Mkewe akakaa chini palepale, kwenye maranda. Babu aliendelea kushika pete. Kuku alikuwa anaparua mlangoni, mtoto anavuta nywele zangu, na mimi nasubiri anitukane. Nilitaka anitukane.

"Ziko ngapi?"

"Kumi, pamoja na hii."

"Tisa ziko mikononi mwa watu," akasema. "Kazilete." Akashika kinguzo chake akaendelea kusugua. Hakunisamehe, wala sijamwomba mpaka leo.

Nikaanza kwa Rama. Alikuwa amebaki nazo mbili. Alicheka mpaka akashika magoti. "Dada, unataka kununua mipini yako mwenyewe? Mjini shule!" Hakutaka hela. Alitaka patasi nzuri kwa kila moja, kwa sababu alikuwa anajua nina nini ukutani. Nikampa mbili za ile seti ya boksi.

Ndivyo ilivyokuwa kila mahali. Makanya kuna fundi vitanda aliniona natokea, akaificha patasi nyuma yake kama mtoto aliyeiba sukari.

"Hii siitoi. Inakata kuliko zote."

"Inakata kwa sababu ni ngumu. Itakatika."

"Mbona mwanzoni hukusema? Ulikuwa unauza, sasa unaonea gere."

"Ibane kwenye jiliwa."

"Niiweke ili uivunje?"

"Niigonge nyundo mara moja. Isipokatika, patasi zangu zote ni zako."

Akaiweka, kwa tamaa. Niligonga, siyo kwa nguvu. Ilikatika ikaruka ikagonga bati la ukuta, na kipande kikazunguka sakafuni kikilia. Mafundi wote waliokuwepo wakainama kukiangalia. Yeye akajishika kope. Kisha akasema, "Sasa nitakerezea nini?" Alikuwa na haki. Nikampa patasi yangu ya mshazari, ya chuma cha nje, niliyoitafuta miaka miwili.

Mmoja wa Hedaru alichukua mbili zangu kwa moja yake, na matusi juu. Mama mmoja mjane nilimkuta anapukuchulia mahindi. Marehemu mumewe aliinunua na hakuwahi kuitumia. Huyo alinililia. Alikuwa anaupenda mpini. Nilitoa chuma, nikamwachia mpini, nikamvishia chuma cha nondo, akapukuchue mpaka achoke.

Ilinichukua karibu mwaka mzima. Kila nikishusha moja ya kwangu msumarini, narudi na mojawapo ya zile. Nilizipeleka Myamba moja moja, Babu anazitia kwenye kopo la maziwa ya unga la watoto. Misumari ikabaki mitupu, ila mmoja. Mota ilishatengenezwa, lakini kwa patasi moja ya mfereji, kazi iliyobaki ungekerezea kucha? Nikauza mashine. Watu wanaosema niliacha kazi kwa huzuni, au kwa kurogwa, waacheni waseme. Niliacha kwa sababu vifaa viliisha.

Ziko nane, na ile iliyovunjika kwa Babu ya tisa. Ya kumi Rama anamkumbuka mnunuzi hivi tu: mwanamume wa makamo, ovaroli ya bluu, alishuka kwenye basi la kutoka Dar abiria wakichimba dawa chooni, akaona ile mipini, akachagua mmoja, dereva anapiga honi. Hakuuliza chuma gani. Hakuvua mpini. Alikimbilia basi. Basi lilikuwa linakwenda Arusha, kutoka hapo sijui. Inaweza kuwa Babati. Inaweza kuwa Mwanza. Inaweza kuwa imeshauzwa mara mbili, imeazimwa, imeibiwa, iko kwenye boksi la karakana yenu, na wewe unaiona nzuri.

Ndiyo maana naandika. Habari ya kunoa mngefundishwa na mtu mwingine.

Ukiikuta, usiitupe, ataiokota mwingine. Usiizike hata kwenye zege. Siku hizi nayaogopa na mazege, nayo hubomolewa. Ilete hapa Same, uliza Mama Eliwaza wa makande. Sitakuuliza uliipataje.

Na hutarudi mikono mitupu. Nimebakiza patasi moja, ile ya springi ya lori la Makanya. Sikuwapa Rama wala wale mafundi, ingawa wote waliitaka. Mpini wake ni wa tumbo la samaki, mistari mitatu, pete fupi. Ukija itakuwa yako. Lakini ivue mpini kwanza, mbele yangu, upitishe tupa, utafute meno. Mimi nitakaa pembeni nisubiri. Ukiichukua bila kuivua nitakunyang'anya.

Mwezi uliopita nilipanda tena. Babu alisikia miguu yangu getini, akalinyanyua kopo akalitikisa.

"Ngapi?"

"Tisa, Babu."

Akaliweka chini bila kulifunika. Kifuniko anakaa nacho mfukoni mwa koti.